Siku 104 na watoto nyumbani, kando ya ziwa

Tarehe 16 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini Tanzania, akiwa Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari kwa siku 30, na vyuo vikafuata baada ya siku moja. Siku 30 zikapita, muda ukaongezwa. Kidato cha sita na vyuo walirudi 1 Juni. Wadogo wote walikaa nyumbani hadi 29 Juni. Ukihesabu tangu tangazo hadi asubuhi ya kurudi darasani, ni siku 104.

Hapa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, hakukuwa na amri ya kufungiwa ndani. Masoko yalifunguliwa, daladala zilitembea, misa na swala ziliendelea. Kilichotuweka pamoja ni watoto kukosa pa kwenda na kazi za wakubwa kupungua. Ndege za kimataifa zilisimamishwa 12 Aprili, minofu ya sangara ikakosa njia ya kwenda Ulaya, wageni wakaacha kuja. Baba aliyezoea kutoka saa 11 alfajiri na kurudi watoto wamelala, sasa saa 4 asubuhi yuko kwenye benchi nje ya mlango, mikono haina kazi, na watoto wake wanamtazama kama mgeni aliyechelewa kuondoka.

Tunayoyaandika hapa ni yale wazazi na walezi wa milimani na wa kandokando ya ziwa tuliyoyaona yakifanya kazi, na yaliyoshindikana. La kwanza kabisa: muda peke yake haukutosha. Wiki mbili za mwanzo nyumba nyingi zilikuwa na kelele kuliko upendo. Chumba na sebule, watoto wanne, televisheni moja, simu moja yenye bando la kugombaniwa. Mambo yalianza kukaa sawa pale mtoto alipopewa kazi ya kweli pembeni ya mtu mzima, kazi ambayo asipoifanya nyumba inaiona, na pale familia ilipopata kitu cha kufuatilia pamoja usiku hadi usiku.

Kazi ya kwanza kwa wengi ilikuwa kibuyu chirizi, dumu la kunawia mikono linaloinamishwa kwa mguu. Serikali ilihimiza kunawa kwa maji tiririka, na ndoo zenye koki zilipanda bei. Kibuyu chirizi kinataka dumu la lita 5 la mafuta ya kula, nguzo mbili zenye panda, mti wa kulaza juu yake, mti mwingine wa kukanyagia wenye urefu wa mita moja hivi, kamba ya manila, msumari na kipande cha sabuni. Msumari unapashwa moto kwenye jiko la mkaa na mtu mzima ndiye anayeushika kwa koleo. Tundu linatobolewa kama sentimita 12 chini ya kifuniko, upande unaomwelekea anayenawa. Dumu linaning'inizwa kwa mshikio wake kwenye mti wa juu, kamba inafungwa shingoni mwa dumu na kushuka hadi ncha ya mti wa kukanyagia. Mguu ukikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika. Mguu ukiachia, dumu linasimama.

Vitabu vinasema chimbia nguzo nusu mita. Kwa anayeishi Mabatini, Igogo au Bugando ushauri huo hauna maana, kwa sababu chini ya udongo wa vidole vinne kuna jabali. Hapa nguzo zinasimamishwa ndani ya ndoo za rangi za lita 20 zilizojazwa mawe na udongo ulioshindiliwa ukiwa mbichi, na zinaachwa siku mbili kabla ya kutundikwa kitu. Watoto wanaweza kubeba mawe yote hayo, na wanapenda kuyabeba.

Makosa yalikuwa yaleyale kila nyumba. Tundu kubwa kuliko msumari mwembamba humaliza dumu kabla familia nzima haijanawa. Maji yakitoka kwa kukwamakwama, kifuniko kimekazwa mno na hewa haipati njia. Kilegeze kidogo au kitoboe kwa sindano. Kamba ikiwa fupi dumu haliwezi kusimama wima, hivyo linavuja mchana kutwa na pale chini panakuwa na tope. Sabuni ikiachwa wazi kunguru anaondoka nayo, na mvua inayeyusha iliyobaki; soksi iliyochakaa, sabuni ikiwa ndani, ilimaliza tatizo hilo. Kosa kubwa kuliko yote halikuwa la ufundi. Siku ya kwanza kila mtu anataka kujaza maji, siku ya nne dumu ni tupu na hakuna anayejua ni zamu ya nani. Kazi inayosemwa "wote mtajaza" haina mwenyewe. Ilibidi kutaja jina: asubuhi fulani, jioni fulani.

Hapo hapo tuseme kuhusu nyungu, kwa kuwa nyumba nyingi zilijifukiza. Mvuke wa majani ya mwarobaini, mchaichai na malimao hauui kirusi. Na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi, pamoja na mtoto asiyetulia, ni njia ya uhakika ya kumpeleka hospitalini akiwa na paja lililobabuka. Mtoto mdogo asiingizwe mle kabisa.

Sasa dagaa, ambako tungependa kukaa zaidi kidogo.

Dagaa wa ziwa walikuwa mboga ya nyumba nyingi katika miezi ile ya fedha chache, na kuchambua dagaa ndiyo kazi iliyotufunza mengi kuhusu watoto wetu. Robo kilo ya dagaa wakavu inatosha watu sita kwa ugali. Wamwage kwenye ungo, uweke mahali penye mwanga, mketi wawili au watatu kuuzunguka. Mtoto wa miaka sita anafaa kuliko mkubwa: macho yake yanaona kijiwe cha ukubwa wa punje ya mtama, na vidole vyake vinapita katikati ya samaki bila kuwavunja. Anaondoa vijiwe, magamba ya konokono, vipande vya majani na nyuzi za nyavu. Mfundishe kumkunja dagaa mmoja kwanza. Aliyekaushwa vizuri ana ubavu unaong'aa kama fedha na anakatika kwa mlio. Aliyenyeshewa mvua akiwa mchangani ni wa rangi ya kahawia au njano, anapinda bila kukatika, na ana harufu ya mafuta yaliyoharibika. Machi hadi Mei ni masika, jua la kuanikia halina uhakika, kwa hiyo hao wa njano ni wengi sokoni na bei yao inavutia. Chakula cha kuku kinawafaa. Sufuria haiwafai.

Kuosha ndiko wengi wanakokosea maisha yao yote. Maji ya uvuguvugu, beseni pana, dagaa ndani, koroga kwa mkono kwa upole, kisha subiri mchanga utulie. Halafu inua dagaa kwa mikono miwili na uwahamishie beseni jingine. Ukimwaga maji na dagaa pamoja kwenye chujio, mchanga uliokuwa umelala chini unarudi juu yao, nawe utautafuna mezani. Rudia mara tatu, hadi chini ya beseni paonekane safi. Wasikae majini zaidi ya dakika tano, wanalainika na vichwa vinaanguka. Waache wachuje maji robo saa, kwa sababu dagaa wenye maji wakiingia kwenye mafuta ya moto, mafuta huruka, na mtoto aliyesimama karibu na jiko ndiye anayerukiwa usoni.

Kukaanga ni mafuta vijiko vinne, moto wa wastani, na masikio. Mwanzoni dagaa wanachichirika. Maji yakiisha sauti inabadilika, mwiko unapogeuza unasikia mkwaruzo mkavu kama majani makavu. Hapo ndipo vitunguu vinaingia, kisha nyanya, mwisho ndimu, na anayependa aweke nusu kikombe cha karanga zilizosagwa na maji kidogo. Nyanya ikitangulia kabla mkwaruzo haujasikika, dagaa wanakuwa rojo na harufu haiondoki. Mtoto wa miaka kumi aliyepewa kazi ya kusikiliza sauti hiyo, na kuaminiwa akisema "tayari", hatakosea mara ya tatu.

Lakini sababu ya kuusifu ungo wa dagaa ni nyingine. Mtoto ukimkalisha mbele yako ukamuuliza "shuleni kukoje?" atajibu "kuzuri", na mazungumzo yamekwisha. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini, maneno yanatoka yenyewe, vipande vipande, kati ya kijiwe kimoja na kingine. Nani anamnyang'anya nauli ya shule. Mwalimu gani anamwogopa na kwa nini. Kwamba haoni vizuri ubao akikaa nyuma. Mambo ya muhula mzima yalitoka kwenye nyungo hizo Aprili 2020. Kanuni moja tu ilihitajika kwa mkubwa: usiinue uso haraka, usikemee, endelea kuchambua. Akiona umeacha dagaa na kumkazia macho, anafunga mdomo.

Kitu cha kufuatilia usiku kilikuwa ziwani.

Anayekaa kwenye kilima cha Mwanza, iwe Bwiru, Kitangiri au Igogo, anaona taa za wavuvi wa dagaa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Taa huelea juu ya maji, wadudu na dagaa wanaijia, wavu unawazunguka. Usiku wa giza ziwa linaonekana kama mji mwingine upande wa pili. Usiku wa mbalamwezi mji huo unatoweka, kwa sababu mwanga wa mwezi unatawanya samaki na taa inakosa nguvu ya kuwavuta. Watoto waliolala mapema miaka yote kwa ajili ya shule hawakuwa wamelitambua hilo. Sasa walikuwa na jioni zote.

Zoezi lenyewe ni rahisi. Daftari moja, kalamu, jiwe la kukalia ambalo halibadilishwi, na saa ileile kila siku. Saa 2 usiku ilifaa wengi. Mtoto anahesabu taa kati ya alama mbili zisizohama, kwa mfano mti fulani na paa fulani, kwa sababu kuhesabu ziwa zima kunaleta ugomvi na hesabu mbili tofauti. Anaandika idadi, anachora umbo la mwezi, anaandika kama kuna mawingu. Wiki ya kwanza hakuna kinachoeleweka. Kufikia mwandamo wa pili ukurasa unaanza kusema wenyewe. Mwezi mwaka ule ulikuwa mpevu 8 Aprili, 7 Mei na 5 Juni, na siku hizo kwenye madaftari kuna sifuri. Uliandama kuelekea 23 Aprili na 22 Mei, na hapo idadi iko juu kabisa. Kwa nyumba za Waislamu daftari lilikuwa na uzito wa ziada, maana mwandamo wa Aprili ndio ulioleta Ramadhani na wa Mei ukaleta Idi.

Mtoto makini atauliza swali gumu: mbona siku chache baada ya mwezi mpevu kuna taa saa 2, halafu zinapotea? Jibu lake liko kwenye saa. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Siku ya mwezi mpevu unachomoza jua linapozama, ambapo hapa Mwanza ni karibu saa 1 kasoro dakika 10 jioni. Siku tatu baadaye unachelewa zaidi ya saa mbili, na katika dirisha hilo la giza wavuvi wachache wanawahi kutega. Mwezi ukitoka, taa zinazimwa. Kabla ya mwezi mpevu mambo ni kinyume: mwezi uko juu tangu jioni na giza linakuja alfajiri. Haya yanaeleza pia kwa nini dagaa wanapanda bei kila mwezi kwa siku kadhaa na kisha kushuka. Mtoto anayeweza kumwambia mama asubiri siku nne ndipo anunue amejifunza jiografia, hesabu na uchumi akiwa amekaa juu ya jiwe.

Tahadhari mbili. Majabali yakilowa yanateleza kama sabuni, hivyo siku ya mvua zoezi linafanyika mlangoni. Na mbu wako wengi masika: mikono mirefu, na kila mtu ndani ya chandarua mara baada ya kushuka.

Mchana ziwa lenyewe lilikuwa hatari zaidi kuliko miaka ya kawaida. Mvua za mwishoni mwa 2019 na masika ya 2020 zilipandisha maji hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960. Fukwe zilimezwa, vibanda vya mialoni vikaingia maji, na nyasi zilizokuwa nchi kavu zikawa ndani ya ziwa. Watoto wasio na shule wakaona mabwawa mapya ya kuogelea. Kichocho kinaenezwa na vijidudu vinavyotoka kwenye konokono wa maji matulivu yenye majani, na vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia katikati ya asubuhi hadi alasiri, saa zilezile ambazo mtoto anatamani kuoga. Vinapenya ngozi kwa dakika chache, na kujifuta taulo haraka si kinga ya kutegemea. Maji ya ziwa yakichotwa, yakachujwa konokono na kukaa kwenye pipa saa 48, vijidudu hivyo vinakuwa vimekufa, kwa hiyo yanafaa kuogea. Kunywa ni lazima yachemshwe. Dawa ya kichocho kwa kawaida watoto huipata shuleni, na shule zilikuwa zimefungwa. Mtoto mwenye mkojo wa damu, au kinyesi chenye damu na tumbo linalouma mara kwa mara, apelekwe zahanati bila kusubiri muhula. Makatazo peke yake hayakuzuia yeyote kwenda majini. Kilichozuia ni mtu mzima kwenda nao, akakaa pale, na kuwaonyesha konokono wenyewe wameshikamana chini ya jani.

Masomo tutayapitia haraka. Redio na televisheni zilikuwa na vipindi vya masomo, na waliovifuata walinufaika pale tu mtu alipoketi na mtoto na kumwuliza maswali mawili kipindi kilipoisha. Muda wa saa moja na nusu, asubuhi kabla joto halijapanda, ulitosha kwa wa msingi. Waliojaribu kuiga ratiba nzima ya shule, kengele na viboko vikiwemo, walichoka kabla ya Pasaka.

Jambo ambalo tungelianza mapema zaidi kama tungelijua ni kumchukua mtoto mmoja mmoja. Wakiwa wanne, mmoja anaongea, mmoja analia, wawili wanapotea. Kwenda gengeni na mmoja, kurudi naye polepole ukipanda ngazi za mawe, ni nusu saa ambayo mtoto anaikumbuka wiki nzima. Zamu ziandikwe ukutani ili asiibiwe yule mpole. Katika miezi ile tulienda gengeni pasipo na msongamano, mtoto hashiki bidhaa, na mkirudi wote mnaanzia kwenye kibuyu chirizi.

Wenye bibi ndani ya nyumba, au waliokuwa na bibi Magu, Misungwi, Kwimba au Sengerema, walikuwa na hazina na hofu kwa wakati mmoja, kwa kuwa korona iliwaelemea zaidi wazee. Njia iliyofaa ni kukaa nje chini ya mwembe, hatua mbili mbali, watoto wamenawa, kikombe cha bibi kikiwa chake peke yake. Watoto wengi wa mjini Mwanza wanasikia Kisukuma bila kukijibu. Ukimwambia bibi "wafundishe Kisukuma" ananyamaza, hajui aanze na nini. Mpe karanga za kubangua na wajukuu wa kusaidia, lugha itakuja na karanga. Salamu ndiyo mlango: asubuhi ni mwangaluka, kuanzia mchana ni mwadila, na anayejibu kwa heshima anaongeza mayu kwa mama au baba kwa baba. Baada ya hapo watoto wakubwa wanafurahia kugundua njia ya mkato: penye mw- ya Kiswahili, mara nyingi Kisukuma kina ng'w-. Mwana ni ng'wana, mwaka ni ng'waka, mwezi ni ng'weji, na mji wao wenyewe wazee wanauita Ng'wanza. Mtoto akishaona mlingano huo anaanza kukisia maneno, na bibi anacheka kwa furaha anapopatia. Anayeharibu ni mzazi anayecheka matamshi. Mtoto akichekwa mara moja, hatajaribu tena mbele yenu.

Juni mvua zimekwisha, viazi vitamu vimekomaa, na hapo kuna michembe. Hii ni kazi ya familia nzima kwa siku nne au tano. Viazi vilivyochimbwa vinaachwa kivulini siku mbili hadi tatu vinyauke kidogo, vinamenywa, vinakatwa vipande vya unene wa nusu sentimita, vinaanikwa. Visu ni vya wakubwa na vijana. Wadogo wanapanga, wanageuza mchana na kufukuza kuku. Kwa kuanikia, Mwanza imejaliwa: jabali lililofagiwa na kumwagiwa maji likakauka linahifadhi joto hata jua likipungua, na vipande vinakauka juu na chini. Vianuliwe kabla ya umande. Kipande kilicho tayari kinavunjika kwa mlio. Kinachopinda kikiingia gunia, ukungu utaanzia kwake na kula gunia zima, na fukusi watamaliza kazi. Ukivichemsha viazi kwanza, ukavimenya, ukakata na kuanika, hiyo ni matobolwa, tamu zaidi na laini kuliwa hivihivi. Michembe inalowekwa, inachemshwa hadi ilainike, inaliwa na karanga zilizopondwa.

Na katikati ya michembe kukaja zawadi ambayo hakuna aliyeipangia. Jumapili ya 21 Juni 2020 jua lilipatwa asubuhi, muda mfupi baada ya kuchomoza. Huko Ethiopia lilikuwa pete. Huku kwetu mwezi ulikula kipande tu. Watoto waliokuwa na daftari la taa walikuwa tayari nusu ya njia, kwa sababu jua hupatwa pale tu mwezi umefifia kabisa kabla ya kuandama, unapopita kati yetu na jua, na daftari lao lilionyesha kwamba siku hiyo ziwa lingejaa taa usiku.

Kulitazama jua moja kwa moja kunaunguza jicho bila maumivu, na kwa sababu hiyo ni hatari kubwa. Miwani ya jua, filamu ya eksirei na maji ya beseni havikingi. Kinachofaa ni kadi ngumu, upande wa boksi la sabuni unatosha, iliyotobolewa tundu moja kwa sindano. Ishike ili jua lipite kwenye tundu, na picha yake ianguke kwenye karatasi nyeupe. Kila mita moja kati ya kadi na karatasi inakupa picha ya jua yenye upana wa milimita 9 hivi, kwa hiyo ukiikaribisha sana unaona nukta isiyo na umbo. Tundu la msumari linaleta mwanga mwingi na picha iliyofifia kingo. Saa ile jua liko chini, miale inakuja imelala, hivyo karatasi iliyowekwa chini haipati kitu: inabandikwa kwenye ukuta unaotazama mashariki, na anayekaa nyuma ya jabali lazima apande juu. Chujio la chai likishikwa mbali na ukuta linatupa makumi ya jua dogodogo, kila moja limeumwa upande uleule. Kivuli cha majani ya mwembe kinafanya hivyohivyo, na mtoto akishakiona atakuwa anakitazama kila kivuli cha mti kwa namna nyingine.

Wiki moja baadaye, Jumatatu ya 29 Juni, shule zilifunguliwa. Saa mbili ziliongezwa kwenye ratiba kila siku kufidia muda uliopotea, na darasa la saba mtihani wao ukasogezwa hadi Oktoba. Ng'ambo ya ziwa, Uganda, wenzao hawakurudi wote hadi Januari 2022. Watoto wetu walirudi nyumbani jioni wamechoka, wakala, wakalala. Mwezi siku hizo ulikuwa umefika robo ya kwanza, kwa hiyo taa zilikuwa zinawaka baada ya saa 6 usiku, wakati hakuna mtoto aliye macho. Mwezi mpevu ulikuwa 5 Julai. Kufikia Jumatano ya 8 Julai ulikuwa unachelewa kuchomoza hadi baada ya saa 3 usiku, na giza la kati ya saa 1 na nusu na saa 3 likawa wazi tena. Daftari lilikuwa bado limening'inia kwenye msumari wake, kalamu imefungwa kwa uzi. Ugali ukiliwa mapema kidogo, kuna dakika 20 za kukaa kwenye jiwe lilelile kabla ya kulala.